Leza Mia Mbili Ndani ya Mfuko

Saa 6:05 mchana.

Nyuma ya duka la magodoro, Patasi alichora korido juu ya kipande cha boksi. "Saa saba kasoro wafanyakazi wa kiwanda cha leza wanatoka kwenda kula. Tuna dakika kumi na mbili. Tunaingia kama mafundi wa viyoyozi."

Mtu wa tatu, waliyemwita Fundi, hakuwa jambazi. Kazi yake ilikuwa kuunda leza, vipande vidogo kama punje, za kupitisha mawasiliano kwenye nyaya za kioo. Patasi alikuwa amemwoa dada yake; hilo lilitosha kumfikisha hapa.

"Sharti moja, shem," Fundi alisema. "Mkono mtupu usiguse kitu. Mwili unabeba umeme tusiouhisi. Tabaka la leza ni jembamba kuliko vumbi. Cheche moja inalitoboa, na kwa macho huoni kitu."

Patasi akamgeukia dereva wao. "Umesikia? Leo usinikumbatie."

Dereva alicheka. Fundi hakuweza.

Saa 6:52.

Chumba cha leza kilikuwa kitupu. Fundi alijifunga mkononi waya wa kupeleka umeme ardhini, akaanza kupanga leza kwenye kisanduku, moja moja. Alipofika ya sita, hatua zilisikika koridoni.

Patasi alimsukuma. Alizoa leza zote mia mbili kwa kiganja, hata zile sita, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, mikono ya koti lake la nailoni ikisuguana. Hakukuwa na sauti ya cheche. Hakukuwa na harufu. Fundi alivua waya, wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Saa 7:20.

"Shem, tusiende," alinong'ona garini. "Nyingi zimekufa. Labda zote."

"Kwa kidole changu?"

"Mnunuzi atazipima."

"Basi omba dua, na ufunge mdomo."

Saa 7:45.

Mnunuzi, mzee mwenye miwani, aliweka bastola mezani, kando ya sindano za kupimia, zilizounganishwa na umeme. "Pima."

Mwanga wa leza zile jicho halioni. Kamera ya simu huuona. Fundi aligusisha sindano kwenye leza ya kwanza, akainamisha simu juu yake. Skrini nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ya tatu, sindano iliteleza; akairudisha. Nyeusi.

"Nani amezishika?" mnunuzi aliuliza.

Fundi alimtazama Patasi.

"Fundi ni yeye," Patasi alisema. Dereva alikagua viatu vyake.

"Basi abaki. Nyie poteeni."

Patasi alimgusa Fundi bega, kwa upole kabisa. "Dada yako nitamwambia umesafiri."

Mlango ulifungwa. Gari likawaka, likaondoka.

"Zimebaki ngapi?" mnunuzi aliuliza.

"Mia moja tisini na saba."

"Moja ikiwaka, unaenda nyumbani. Zikiisha bila kuwaka, huendi popote."

Fundi alichukua ya nne. Aliishusha sindano polepole kuliko siku zote za kazi yake.