Gitaa la Kwaya na Vidole vya Chomba

Kila nikitoka shule naanzia kwenye karakana ya Baba, hapa hapa nyumbani kwetu Kasungami. Nafagia vipande vya waya na vumbi la mbao, kisha namshikia taa akichungulia ndani ya spika ya mtu. Baba, Mzee Muhindo, hutengeneza spika na magitaa. Jumatano na Jumamosi namaliza mapema, maana jioni kuna mazoezi ya kwaya ya parokia.

Kwaya yetu ina gitaa moja tu la umeme. Kwa miaka miwili lilikuwa langu mimi, Mbambu, na hakuna aliyelalamika. Baada ya Pasaka akaja Chomba kutoka Sakania, msichana wa miaka kumi na mitatu kama mimi. Kiongozi wetu, Maestro Clément, alimsikia akipiga wimbo mmoja tu, akampa gitaa. Mimi nikapewa kayamba. Kayamba! Mtoto wa fundi wa magitaa!

Niliona wivu, sitaficha. Kina mama wa kwaya walipomsifu Chomba, masikio yaliniwaka moto. Hata mdogo wangu alizunguka uani akipiga mluzi nyimbo za Chomba, nami nikamtuma maji yasiyohitajiwa na mtu yeyote, anyamaze tu.

Mwezi wa saba baridi kavu ikaingia, pamoja na upepo na vumbi lake. Jumatano moja gitaa likaanza kutoa mlio mbaya, zzz, zzz, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Maestro akasimamisha wimbo.

"Chomba, haufinye muzuri! Finya na nguvu!"

Chomba akafinya mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. Zzz.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Shingo ya gitaa ina viuma vyembamba vilivyolala kwa kukingama, Baba huviita bareti. Mlio ule ulitoka kwenye bareti za upande wa kichwa tu, na kwa nyuzi zote. Baba hunieleza kila mwaka: baridi kavu hukausha mti, shingo ikanyooka kupita kiasi, nyuzi zikagusa bareti. Hata ufinye namna gani, mlio hauondoki. Neno langu moja lingetosha. Nikatikisa kayamba, nikanyamaza.

Nilinyamaza Jumatano ile, na Jumamosi, na wiki nzima iliyofuata. Jumamosi ya pili, siku kumi na tano kabla ya sikukuu ya parokia, Maestro alichoka.

"Mbambu, kamata guitare. Ni weye njo utapiga ku fête."

Nililibeba nyumbani huku moyo ukicheza. Baba alikuwa amesafiri kwenda Mokambo kutafuta vipuri. Nikafinya uzi kwenye bareti ya kwanza na ya mwisho, nikachungulia katikati: hapakuwa na nafasi hata kidogo. Nikachukua ufunguo mdogo wa pembe sita, nikalegeza chuma kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko. Nyuzi zikavuta shingo taratibu, ikapinda kidogo. Sasa kipande cha karatasi ngumu kilipita chini ya uzi. Nikazikaza nyuzi upya hadi sauti zikakaa sawa, nikapiga. Safi kabisa.

Jumatano kwaya nzima ilinipigia makofi.

"Munaona?" akasema Maestro. "Guitare iko muzuri. Ni vidole njo bilikuwa bibaya."

Nikatabasamu. Chomba akaficha mikono nyuma.

Tulipotoka alinikimbilia barabarani. Nilidhani anakuja kunitukana, nami nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu. Badala yake akanyoosha mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka, mbili amezifunga kwa utepe wa gundi.

"Mbambu, unionyeshe vile unafinyaka," akasema. "Nilifunga waya ku fimbo ya fagio, nafinya kila magaribi, lakini nguvu haikuye. Unifundishe, tafazali."

Msichana yule alikuwa akijiumiza kurekebisha kosa lisilo lake, na mwalimu aliyemchagua ni mimi! "Kesho," nikamjibu, nikaondoka mbio kama mwizi.

Alhamisi nilimkwepa Chomba. Baba alirudi Ijumaa. Nilimweleza yote kabla hajavua koti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Guitare uliitengeneza muzuri," akasema. "Na jina ya ule mutoto, nani ataitengeneza?"

"Nitamuambia, Papa. Sisi babili tu."

"Hapana. Maestro alimufezehesha mbele ya bantu bote. Utasemea pale pale."

Jumamosi nilisimama mbele ya kwaya. "Haikukuwa vidole vya Chomba," nikasema. Maestro hakuniamini. Basi nikatoa ufunguo, nikakaza kile chuma robo mzunguko, nikapiga mwenyewe. Zzz! Watu wakatazamana. Nikafinya kwa nguvu zangu zote. Zzz! Nikalegeza tena, nikasawazisha nyuzi, nikampa Chomba gitaa. Akagusa nyuzi kwa vidole vyake vibovu, sauti ikatoka safi.

"Chomba, unisamehe," akasema Maestro. "Nilikulaumu bure."

Chomba alinitazama mimi, si yeye. "Siku yote ulikuwa unaniona tu naumia?"

"Ndiyo," nikajibu. "Nilikuwa na wivu. Unisamehe."

Akageukia nyuzi, akaanza wimbo unaofuata. Vidole vyake vilipona, na siku ya sikukuu alipiga yeye. Nilimsikiliza nikitafuta kosa, sikuliona, na wivu ukanichoma tena. Jioni nilimkiria Baba hata hilo.

"Wivu itakuya tena, mwanangu, hata mimi inanikutaka," akasema. "Ile haiko kosa yako. Kosa ni kujua kweli na kuifunga mu kinywa, muntu mwengine anaumia. Ulimuona anapasuka vidole, ukanyamaza. Ni sawasawa na kusema weye njo ulimupasula."

Jumatatu Chomba alifika karakana kwetu. Alisimama mlangoni bila tabasamu, akasema, "Nionyeshe namna ya kulegeza ile chuma." Nikampa ufunguo mkononi, nikamwonyesha kila kitu ninachokijua.