Mzazi wa Kazi Isiyo na Jina

Kilichoanza kumkera fundi ni harufu: maziwa yaliyochacha, ndani ya chumba cha kompyuta ambamo hata maji ya kunywa ni marufuku. Akapekua chini ya meza, akanusa mpaka mkoba wake. Wapi! Mimba ya miezi saba humfanya mtu anuse yasiyokuwepo, akajisemea, akaketi kazini.

Mtambo wa idara ya maji ulikuwa unajikokota tangu asubuhi. Akauamuru uorodheshe kazi zote unazozifanya, kama kaka yake alivyomfundisha. Kaka ndiye bosi wake hapo, na ndiye aliyemlea. Kila mstari ulikuwa na jina la mwenye kazi, namba ya kazi, na namba ya mzazi, yaani kazi iliyoizaa. Juu kabisa palikuwa na kazi isiyo na jina, inanyonya karibu nguvu yote ya mtambo. Mwenyewe aliyeandikwa ni yeye fundi, naye hakuwa ameianzisha.

Akaiua, yaani akauamuru mtambo uikomeshe. Tumbo likamkata, akashika meza. Kazi ikarudi na namba mpya, na nyuma ya makabati ya mitambo akasikia kitu kinanyonya, taratibu, kwa raha zake, kama mtoto aliyepata ziwa.

Mwingine angetoka mbio. Huyu alikuwa mbishi tangu utotoni. Akaifuata namba ya mzazi mpaka akaupata mstari wake, na mwenye mstari ule alikuwa kaka.

Alimkuta ofisini kwake anamenya chungwa. Hata kukana hakukana. Cheo, nyumba, afya ya wanawe, vyote alivipata kwa jini, akaeleza bila kumtazama, na sasa jini amedai mtoto wa ukoo.

"Una watoto wanne, kaka," fundi akanong'ona.

"Wangu nimeshawazoea, mdogo wangu. Wako hatujamjua bado."

Lo, maneno hayo! Mtu aliyembeba mgongoni siku waliyomzika mama yao! Akarudi chumbani machozi yakimchuruzika, harufu ya maziwa ikimlaki tangu mlangoni, kile kitu nyuma ya makabati kikinyonya kwa pupa sasa, kikimeza, kikivuta pumzi, kikimeza tena, naye akaandika amri, akaiua ile kazi ya kaka, kazi mzazi.

Pakawa kimya. Akashusha pumzi.

Hapo ndipo somo likamrudia, jinsi kaka alivyolisema huku akicheka: ukiua mzazi, mtoto hafi. Anabaki yatima, na mtambo unampa mlezi. Yatima wote hukabidhiwa kazi namba moja, ile inayoamka kwanza mtambo ukiwashwa.

Akaorodhesha upya. Kazi isiyo na jina ilikuwepo vilevile. Kwenye nafasi ya mzazi hapakuwa na namba moja. Palikuwa na namba ya kazi yake yeye, dirisha lilelile la skrini alilokuwa akiandikia.

Mtoto wake, aliyempiga mateke asubuhi nzima, alikuwa ametulia. Akasubiri teke. Akalibonyeza tumbo kwa vidole viwili, akasubiri tena.

Nyuma ya kiti chake sauti laini ikaita, "Mama."