Mama Atasomea Nini?

Kila jioni, akishatoka shuleni, Nyanchama alivua sare, akateka maji, kisha akaketi kwenye kigoda jikoni kumenya ndizi za kupika. Mama yake, Eucabeth, alirudi kutoka kuchuma majani ya chai, akashusha kikapu na kwenda kukamua ng'ombe. Ndivyo siku zilivyopita nyumbani kwao, karibu na soko la Nyamache. Lakini siku hizi, chakula kikiwa motoni, mama alichukua simu yake akasoma habari za masomo ya chuo kikuu.

Eucabeth alimaliza kidato cha nne kwa alama nzuri. Mwaka huohuo baba yake alifariki, naye akabaki kuwalea wadogo zake. Baadaye aliolewa, akazaa, na miaka mingi ikapita bila kuingia darasani. Sasa wadogo zake walikuwa wanajitegemea, na walikubaliana wao wenyewe kumlipia karo. Jambo moja tu lilimsumbua: achague shahada gani? Mumewe, Masese, alidhani ualimu ungemfaa. Dada yake alimpigia simu akimhimiza asomee uuguzi. Yeye mwenyewe, moyo wake ulikuwa kwenye kilimo.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, ugonjwa wa mnyauko uliingia katika migomba yao. Majani yaligeuka manjano, ndizi zikaoza kabla ya kukomaa, na ikabidi wang'oe karibu shamba zima. Majirani nao walipatwa vivyo hivyo.

"Nataka kujua kilichoniulia migomba," alimwambia Nyanchama jioni moja. "Nikishajua, niwafundishe na wenzangu."

Nyanchama aliendelea kumenya ndizi. Ndani kwa ndani aliona haya. Mama mtu mzima akakae darasani na vijana, tena akasomee mambo ya jembe na samadi! Watu wangesemaje?

Haya hiyo ndiyo iliyomponza. Katika Gredi ya Nane alikuwa na rafiki aitwaye Cynthia, binti wa Wakili Ogari, ambaye ofisi yake ilikuwa mjini Kisii. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Cynthia alimwambia amesikia kuwa mama yake anarudi kusoma. Akamuuliza atasomea nini. Wasichana wengine wakageuka kusikiliza. Nyanchama alifungua kinywa aseme kilimo, lakini akaona macho yote yamemwelekea.

"Sheria," alisema. "Anataka kuwa wakili."

Wenzake walimtazama kwa macho mapya. Mmoja alimsogezea nafasi kwenye benchi. Alasiri nzima Nyanchama alitembea kama mtu aliyeongezwa urefu.

Jumapili hiyo, gari lilisimama mbele ya nyumba yao. Nyanchama, aliyekuwa akianua nguo, alimwona Wakili Ogari akishuka pamoja na Cynthia, amebeba katoni ya vitabu.

Wakili alimsalimu Eucabeth kwa heshima. Alisema alifurahi sana kusikia kwamba jirani yake ameamua kusomea sheria baada ya miaka mingi, kwa maana hata yeye alianza chuo akiwa na familia. Alikuwa amemletea vitabu vyake vya zamani, na siku yoyote akihitaji msaada, mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi.

Eucabeth alimtupia binti yake jicho, mara moja tu. Nyanchama akainamisha kichwa na kutamani ardhi ipasuke immeze. Mama alipokea katoni kwa mikono miwili, akashukuru, akawakaribisha wageni chai. Hakusema kwamba habari ile ni ya uongo.

Wageni walipoondoka, Nyanchama alingoja kukaripiwa. Hakukaripiwa. Mama aliosha vikombe, akaenda kukamua ng'ombe. Jioni iliyofuata, badala ya kushika simu, alifungua kimoja cha vile vitabu. Alisoma huku amekunja uso, akirudia ukurasa uleule mpaka ndizi zikaungua sufuriani. Siku ya pili yake alifanya vivyo hivyo. Jumatano, walipokuwa wakila, alimwambia mumewe kwamba ataomba nafasi ya kusomea sheria. Mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa.

Masese alishangaa. Akamuuliza ule mpango wa migomba umeishia wapi.

"Migomba itapata mtu mwingine," alijibu Eucabeth taratibu. "Mtoto wangu anaona aibu kunitaja mbele ya wenzake. Afadhali nisome kitu atakachoweza kukitaja."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nyanchama. Angegombezwa, angelia yakaisha. Aliacha chakula, akatoka nje hadi ukingoni mwa shamba lililobaki tupu. Alikumbuka siku ile walipong'oa migomba. Mama alikuwa amesimama papo hapo, akijifuta macho kwa leso huku amewapa mgongo wote, ili wasimwone. Nyanchama alimwona, lakini hakumsogelea. Na sasa alikuwa karibu kumpokonya mama yake kitu alichokingoja tangu ujana wake, ili tu wasichana wa Gredi ya Nane wasimcheke.

Alirudi ndani, akasimama mbele ya wazazi wake.

"Mama, nilidanganya," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Niliona aibu kusema kilimo. Usisome sheria kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Eucabeth alimvuta akaketi karibu naye. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini mtu mzima alitoka kwake kwa moyo mweupe akaja hapa. Vitabu vyake tutavirudisha pamoja, na wewe ndiye utakayemweleza."

Alhamisi jioni walibeba ile katoni mpaka kwa Wakili Ogari. Njiani Nyanchama aliomba kimoyomoyo wasimkute. Walimkuta sebuleni, na Cynthia kando yake. Nyanchama alieleza kila kitu, sauti ikimkatika, bila kuthubutu kumtazama rafiki yake. Alipomaliza, Eucabeth naye aliomba radhi, akisema alikosea kunyamaza siku ile.

Wakili aliipokea katoni, akaiweka kando. "Wengi wanaofika ofisini kwangu wakiwa na shida kubwa," alisema, "walianza na uongo mdogo wa kuficha aibu ndogo. Wewe umesema ukweli mapema, binti yangu. Usiache."

Cynthia aliinuka akaingia chumbani bila kuwaaga. Asubuhi, darasani, Nyanchama aliwaeleza wenzake ukweli. Wawili watatu walicheka, na mmoja akamwita mtoto wa jembe. Uso ulimwiva, lakini hakukana. Wakati wa chakula, Cynthia alikuja akaketi karibu naye kama kawaida, ingawa ilichukua muda kabla ya kuanza kuzungumza.

Alasiri ya Ijumaa, mama na binti waliingia dukani pale sokoni ambako watu husaidiwa kutuma maombi kwa kompyuta. Mwenye duka, Sylvanus, alimuuliza Eucabeth anaomba shahada gani. Kabla mama hajajibu, Nyanchama alisema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Kilimo."

Sylvanus alimtazama Eucabeth kuhakikisha. Eucabeth akatikisa kichwa kukubali, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Nyanchama alimuuliza mama kama bado amemkasirikia.

"Sikukasirika, niliumia," alijibu mama. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ya halali haina aibu, na kusoma hakuna aibu hata nywele zikiwa na mvi. Cha kuonea aibu ni uongo, maana uongo huo ulimdanganya jirani yetu na nusura unipeleke nisikotaka kwenda. Siku yako ya kuchagua itafika. Uchague kile unachokipenda kwa dhati, na ukiulizwa, ukitaje bila kuogopa."

Nyanchama aliitikia, akamshika mama mkono, wakaendelea kupanda mlima kuelekea nyumbani.