Nailoni Katika Bustani ya Andongwisye

Kila asubuhi Sekela alimkatia ng'ombe majani, akamkamua, kisha akashuka bustanini. Bustani ilikuwa nyuma ya migomba, huko Kyimo. Mumewe, Andongwisye, ndiye aliyeianzisha. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Sasa Sekela alilima peke yake. Jioni alikula na mama mkwe wake, Bibi Ikupa.

Zamani nyanya za bustani ile zilijulikana hadi soko la Kiwira. Andongwisye alitandaza nailoni nyeusi juu ya matuta. Aliitoboa kwa kopo la moto, akapanda miche kwenye matundu. Magugu yalipungua. Nyanya hazikuchafuka kwa matope. Baada ya mavuno, nailoni ilikuwa imechakaa kwa jua. Alivuta vipande vikubwa, akavitoa. Vilivyobaki alivifukia kwa jembe, akapanda tena. Alifanya hivyo msimu baada ya msimu.

Sasa miche ilidumaa. Majani yalikuwa ya njano. Mvua ikinyesha, maji yalisimama juu ya tuta, kisha yakatiririka bondeni.

"Shamba linamlilia mwanangu," alisema Bibi Ikupa.

Sekela aliwaza jambo lililomuuma zaidi. Aliachiwa bustani nzuri, nayo ilikuwa inamfia mikononi.

Mwishowe alimwita Sia, afisa ugani wa kata. Sia alikuja, akamwamkia bibi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye matuta. Aling'oa mche mmoja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, imejikunja juu ya kipande cha nailoni.

"Dada Sekela, naomba beseni la maji," alisema.

Alitia udongo ndani ya beseni, akakoroga. Udongo ulizama. Juu ya maji vikaelea vipande vyeusi. Vingine vilikuwa vidogo kama punje za ulezi, vingine vidogo zaidi.

"Ni nini hivi?" Sekela aliuliza.

"Ni ile nailoni. Jua linaikausha, jembe linaikata. Inakuwa vipande vidogo, lakini haiozi kama jani. Inakaa miaka mingi. Ikizidi, maji hayapiti vizuri kwenye udongo, na mizizi inapata shida. Hata minyoo inaimeza, ikadhoofika. Na minyoo ndiyo inayotulainishia udongo. Umeona mnyoo hapa?"

Sekela alitazama pale mche ulipong'olewa. Hakuona hata mmoja.

"Kwa hiyo si mimi niliyeshindwa kulima?"

"Si wewe."

Sekela alitaka kufurahi. Hakuweza. "Basi ni mume wangu," alisema polepole.

Bibi Ikupa alisimama. "Mwanangu hayupo kujitetea. Msimseme."

"Bibi, simlaumu," Sia alisema. "Nailoni ilimsaidia kweli. Alielezwa namna ya kuitandaza. Pengine hakuna aliyemweleza namna ya kuiondoa."

Bibi aliingia ndani, akafunga mlango.

"Nifanye nini sasa?" Sekela aliuliza.

"Okota vipande unavyoviona. Usivichome, moshi wake ni sumu. Usivitupe mtoni. Vitie kwenye gunia, uliweke kivulini. Tutawapelekea wanaokusanya plastiki mjini Tukuyu. Hata viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche ya parachichi, vivue kabla ya kupanda. Kisha tandaza nyasi kavu na majani ya mgomba. Hayo yakioza, yanalisha udongo. Ongeza samadi iliyoiva."

"Na hivi vidogo?"

Sia alitazama beseni. "Hivi hatuwezi kuvitoa vyote. Nisikudanganye."

Kesho yake Sekela alianza kuokota. Katika kipande kimoja aliona tundu la duara, limetobolewa kwa kopo la moto. Alikaa chini kwenye tuta, akalia.

Bibi Ikupa alimwona. Alishuka taratibu, akainama kando yake, akaanza kuokota. Walipofika mwisho wa tuta akasema, "Angeambiwa, angeviokota mwenyewe."

"Najua, mama."

Waliokota pamoja hadi mvua zilipoanza. Wakatia samadi, wakatandaza majani, wakapanda maharage. Msimu wa kwanza walivuna machache. Msimu wa pili matuta ya juu yalibadilika. Maji yalizama vizuri. Sekela alipochimba, alikuta minyoo. Maharage yalizaa vizuri.

Matuta ya chini, palipofukiwa nailoni nyingi, bado mimea ilikuwa dhaifu. Sekela hakuwaficha majirani. Aliyekuja kumuuliza, alimpeleka juu kwanza, kisha chini. "Kama unatumia nailoni, itoe yote ikiwa bado nzima," aliwaambia. "Ikishakatikakatika, hutaimaliza."

Jioni moja walipika maharage mapya kwa ndizi. Bibi Ikupa alikula sahani yote. Kisha akasema, "Andongwisye angemaliza sufuria hii."

Sekela alicheka kidogo, akafuta macho. Akachukua upawa, akampakulia mama mkwe wake tena.