Kidole cha Babu Clarrie

Kila asubuhi kabla ya masomo, Nerida alimmiminia babu yake chai, nusu kikombe tu ili isimwagike. Mikono ya mzee Clarrie ilikuwa imeanza kutetemeka. Kisha Nerida alifungua kishikwambi mezani, maana shule yake ilikuwa humo humo: mwalimu yuko mjini, na wanafunzi kila mmoja kwenye shamba lake la kondoo, mbali hata moshi wa jirani hauonekani.

Kuzoea kuandika kwa kidole kwenye kishikwambi hicho kulimfanya awe karani wa nyumba. Dereva wa posta alipoleta vifurushi, alitoa kidude chake ili mpokeaji atie saini kwa kidole. Mnunuzi wa sufu naye vivyo hivyo. Kidole cha babu kiliteleza, basi Nerida ndiye aliyemwandikia: C. Haddrick, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

"Karani wangu huyo," babu alijigamba. "Na mshahara hadai!"

Ikafika siku ya wosia wa matibabu, yaani maneno ya kuwaongoza madaktari pindi babu asipoweza kusema mwenyewe. Shangazi Joss, binti wa babu aliyeishi nao, alikuwa nje akinywesha kondoo. Daktari Pillay alionekana kwenye kioo cha kishikwambi.

"Nikianguka nisijitambue," babu alimwambia, "msinipeleke Sydney mkanifunge kwenye mashine. Niacheni hapa hapa, karibu na kaburi la mke wangu Edna."

"Nimekuelewa, mzee. Sheria inaikubali saini ya kidole kama ya kalamu. Ila uitie mwenyewe, nami nikiona."

Babu alijaribu. Kidole kikaenda mrama. Akajaribu tena, akaguna na kutukana. Mara picha ya daktari ikaganda mdomo wazi, kama ilivyozoea kila upepo ulipovuma. Nerida aliona haya kwa niaba ya babu yake. Akafuta ile mikwaruzo, akaandika C. Haddrick, na mkia wake.

Picha ikarudi. "Samahani, mtandao. Tayari?"

"Tayari," Nerida alijibu haraka.

Babu alimkonyeza. Kwao wote wawili, kilikuwa kifurushi kingine tu.

Majira ya kukata sufu hayajaisha, babu akaanguka kwenye kibanda cha kondoo. Mdomo ulikwenda upande, na maneno hayakutoka. Shangazi Joss alimlaza kitandani, akampigia Daktari Pillay, naye akaita ndege ya madaktari.

"Lakini wosia wake upo," daktari alisema kwa huzuni kutoka kwenye kioo. "Asipelekwe Sydney. Ndege ikifika, watampa dawa ya maumivu tu, wamwache nyumbani. Ametia saini mbele yangu."

Shangazi alijifuta machozi. "Basi tufuate alivyotaka."

Nerida alisimama mlangoni. Akinyamaza, babu atapata alichokitaka, lakini kwa saini ambayo si yake. Akisema, watamchukua. Na huenda akapona, nani ajuaye? Kila njia ilikuwa na mwiba, na yeye hakuwa na kiatu.

"Shangazi," alisema, akaanza kulia. "Ile saini si yake. Ni mimi."

"Wewe! Unasema nini wewe mtoto?"

"Kidole chake kiliteleza. Daktari alikuwa ameganda. Nikaandika kama ninavyoandika ya posta."

"Nilimsikia akisema, lakini bila saini yake wosia huo hausimami," daktari alisema. "Joss, wewe ni bintiye. Sasa nakuuliza wewe. Tumtibu au tumwache?"

"Msiniulize mimi!" Shangazi aliketi sakafuni. "Alivyotaka najua. Lakini kwa mdomo wangu niseme baba yangu aachwe? Siwezi. Mchukueni."

Walimbeba hadi kwenye ndege. Jicho lake moja lilimtazama Nerida mpaka mlango ukafungwa. Nerida alikimbia nyuma ya ndege kwenye vumbi, hana la kufanya, hana wa kumwomba msamaha. Siku zilizofuata hakula vizuri. Alijilaumu kwa kuandika, akajilaumu kwa kusema.

Babu alirudi kipupwe kilipokaribia. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, lakini akili ilikuwa timamu na ulimi ulikuwa umefunguka.

"Umenipeleka Sydney, karani," alisema polepole. "Supu yao haina chumvi."

"Nisamehe, babu."

"Mimi ndiye niliyekukonyeza. Tusameheane."

Wosia ukaandikwa upya, maneno yale yale. Daktari Pillay alionekana kwenye kioo, na Shangazi Joss alikuwepo. Picha ikaganda. Nerida akakalia mikono yake.

"Tusubiri," babu alisema.

Picha iliporudi, alinyoosha kidole cha kushoto mbele ya macho ya daktari, akachora taratibu, jasho likimtoka. Kilichotokea kilifanana na mchakuro wa kuku.

"Ni saini yako, mzee?"

"Yangu. Mbaya, lakini yangu."

"Nami mara ile nilikosea kutoangalia," daktari alisema. Kisha akamgeukia Nerida. "Mwanangu, kumsaidia mgonjwa si kosa. Ungesema tu kwamba hawezi, tungetafuta njia halali, hata mtu mzima amwandikie kwa ombi lake, mbele ya shahidi. Kosa ni kusaidia kwa kuficha. Neno la mtu juu ya uhai wake ni lake mwenyewe. Ukilisema kwa siri badala yake, hata likiwa kweli, umemnyang'anya."

Nerida aliitikia kwa kichwa. Alijua pia kwamba babu akianguka tena, ndege haitampeleka Sydney, na kwamba hatakuwa na la kufanya ila kumshika mkono. Hilo lilimuuma.

Juma hilo dereva wa posta alikuja na kifurushi, akamnyooshea Nerida kidude chake kama kawaida. Nerida hakukipokea.

"Babu yuko barazani," alisema. "Mpelekee. Atachelewa kidogo."

Dereva alizima gari, akaenda kusubiri.