Gereji Iliyoegemea Nyumba

Werema Machage alinunua samaki Mugango na kuwauza Musoma mjini. Alikuwa na pikapu moja kuukuu ya petroli. Nyumbani alikaa na mkewe Dorkas, binti yao Gati wa miaka sita, na mama yake mzazi, Boke.

Mwaka 1988 mabati yalikuwa yameanza kurudi madukani, ila bei yake ilitisha. Betri na matairi yalikuwa bado adimu, na wezi waliyang'oa kwenye magari ya watu. Werema akaamua kujenga gereji. Ili kupunguza gharama, aliiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, akajenga kuta mbili na mlango tu. Kibali hakuomba. Aliona ni kupoteza siku.

Dirisha la chumba alicholala Boke na mjukuu wake sasa lilifungukia ndani ya gereji. Werema alilipigilia mbao.

Wiki ya pili, kuku watatu waliolala gerejini walikutwa wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Vilemba vyao vilikuwa vyekundu kuliko vya kuku hai. Dorkas aliwafukia.

Kisha Boke akaanza kuamka na maumivu ya kichwa.

"Kuna mtu anakujaga alfajiri," alimwambia Dorkas. "Uso wake siuoni. Anakaa kifuani kwangu. Nataka kuita, mdomo unakataa."

Gati naye alisema anasikia kengele masikioni. Asubuhi alitapika uji.

Majirani wakanong'ona. Walimtaja Susana, mjane wa nyumba ya pili, kwa sababu wale kuku walizoea kudonoa uani kwake. Watu wakaacha kumsalimia. Dorkas pia aliacha, ingawa moyo ulimsuta.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Werema alipolala Mugango siku tatu, Boke na Gati waliamka wazima. Aliporudi, yule mtu asiye na uso naye alirudi. Jioni ile Dorkas alimtazama mumewe akila ugali, akaogopa hata kumwongezea mchuzi.

Alfajiri iliyofuata Werema aliwasha gari humo humo gerejini kama kawaida yake, mlango ukiwa umefungwa. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo aliacha injini ingurume kwa muda mrefu kuliko siku nyingine. Yeye akaenda kunywa chai.

Dorkas aliingia kumwamsha Gati. Chumba kilikuwa kimya. Mtoto alilala chali, midomo yake myekundu, uso umetulia kama wa mtoto mwenye afya njema. Dorkas alimwita mara tatu. Hakuitika. Boke alikuwa ameketi kitandani, macho wazi, haoni mtu.

Mayowe yalimleta Susana kabla ya wengine wote. Hakuuliza kitu. Alimbeba Gati mpaka uani, penye upepo wa ziwani, kisha akarudi kumshika Boke mkono. Werema alizima injini, akaliondoa gari, akawakimbiza wote wawili hospitali. Waliwekewa hewa ya oksijeni. Mchana Gati alifumbua macho, akaomba maji.

Siku ile ile alikuja Stanislausi, bwana afya wa mtaa. Alipita polepole ndani ya gereji, akapangusa zile mbao za dirishani kwa kidole. Kidole kikawa cheusi.

"Moshi wa gari una gesi ya sumu," alisema. "Gesi hiyo haina rangi, haina harufu. Hata moshi usipouona, yenyewe ipo, inapenya kwenye nyufa za mbao hizi. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anaona vitu. Mwisho haamki."

Werema aliuliza kama kuacha mlango wazi kungetosha.

"Hapana. Litoe gari nje kwanza, ndipo uliache lingurume."

Kesho yake Stanislausi alimpeleka Werema halmashauri ya mji. Alitakiwa kuleta hati ya kiwanja, na mchoro unaoonyesha nyumba, choo, mipaka na mahali pa gereji. Mkaguzi alikuja na kamba, akapima, akapigilia vigingi. Gereji isimame peke yake mbali na nyumba. Isiguse mpaka wa jirani, isikae juu ya shimo la choo, isizibe dirisha. Alimwonya asinunue saruji mpaka kibali kiwe mkononi.

Werema alibomoa. Matofali mengi yalivunjika, mabati yakatoboka. Alinunua saruji mara ya pili, akamlipa fundi mara ya pili. Ada ya kibali haikufika hata bei ya bati moja.

"Nilibania ukuta mmoja," alimwambia Stanislausi, "nikalipia gereji mbili."

Gereji mpya ilisimama nyuma ya kiwanja, ina kuta zake nne, na matundu ya hewa chini na juu. Dirisha la Boke lilifunguliwa tena. Kichwa kikapona. Gati hakutapika tena.

Siku moja Dorkas alikwenda kwa Susana kuomba radhi. Susana alimsogezea kigoda.

"Miezi miwili, mama Gati, hukunisalimia," alisema. "Mwishowe nilianza kujiogopa mwenyewe. Nilikuwaga nafunga mguu wangu kwa kamba kitandani, nisije nikatoka usingizini nikaja kwenu."

Dorkas alimshika mkono, wakatembea pamoja mpaka dirishani kwa Boke. Boke alichungulia nje, akamwona Susana, akamwita kwa jina lake, akamwambia aingie ndani.