Pakiti za Boksi la Mapishi

Mama Kidoti alifika nyumbani akiwa hoi. Si hoi ya kusema tu, jamani. Ni hoi ya mtu aliyesimama kutwa nzima akipiga pasi mashuka ya hoteli, mvuke unampiga usoni, miguu imevimba. Alivua viatu mlangoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Umerudi, mwanangu?" mama mkwe wake aliuliza kutoka jikoni.

"Mwili umerudi, Mama. Mimi mwenyewe bado niko njiani."

Bibi alicheka. Kidoti, mwenye alama ndogo nyeusi shavuni, naye akacheka kwa sababu Bibi amecheka. Ndio kwanza alikuwa ameanza shule.

Baba Kidoti alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari. Mama Kidoti alitoka asubuhi na kurudi jioni. Bibi ndiye aliyempokea mtoto akitoka shule, akamwogesha na kukaa naye. Bila Bibi, Mama Kidoti asingeweza kwenda kazini. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ikienda.

Shida ilikuwa chakula. Magoti ya Bibi hayakumruhusu kwenda sokoni. Mama Kidoti naye alipotoka kazini hakuwa na nguvu hata ya kuchagua nyanya. Ndipo mwenzake kazini akamwambia habari za boksi la mapishi. Unachagua chakula kwenye simu. Kampuni inakuletea boksi mlangoni. Ndani mna kila kitu kimeshapimwa: nyama, mboga, viungo, na sosi kwenye pakiti. Kuna na karatasi ya maelekezo. Kazi yako ni kuwasha jiko.

"Na wa kuosha vyombo wanamleta?" Mama Kidoti aliuliza.

"Huyo unaye tayari. Ni wewe."

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi. Kidoti alikuwa na mzio wa karanga. Mzio, ambao wengine huuita aleji, ni pale mwili unapokigomea chakula ambacho watu wengine wanakula bila shida. Siku moja Kidoti alionja biskuti ya karanga, uso ukavimba mpaka macho yakafumba. Daktari alisema asile karanga tena, hata chembe.

Kwa hiyo wakati wa kujiandikisha, Mama Kidoti aliitaja karanga pale walipouliza kuhusu mzio. Simu ikamwonyesha vyakula visivyo na karanga. Akashusha pumzi. Alichagua kuku wa sosi ya nyanya, Kidoti akampenda, na tangu hapo wakawa wanaagiza kuku huyo huyo. Pakiti alizisoma mara ya kwanza tu. Akaona yameisha.

Bibi naye alikuwa na mtindo wake. Boksi likifika mchana, hangoji. Anakata pakiti zote. Viungo anavitia kwenye vikopo vyake, sosi anaimimina kwenye bakuli na kuifunika, mboga anaziosha. Pakiti tupu anazipeleka pipani nje, na gari la taka likipita zinaondoka. Hakutaka kuona uchafu jikoni kwake.

"Mtoto wa watu anarudi amechoka," alikuwa akisema. "Akute mambo yako tayari."

Ulikuwa upendo huo, wala si kitu kingine. Herufi ndogo za kwenye pakiti Bibi hakuziona vizuri, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zina kazi.

Basi jioni ile Mama Kidoti aliinuka kwenye ndoo, akakaanga kuku, akamimina sosi. Aliona sosi ni nzito kuliko siku zote, na rangi yake imekolea. Aliona kabisa. Lakini alikuwa amechoka mno kuuliza. Wakakaa kula.

"Mama, ulimi unaniwasha," Kidoti alisema.

"Pilipili hiyo. Kunywa maji."

"Si pilipili, Mama."

Mama Kidoti alimtazama vizuri. Midomo ilikuwa inavimba. Mabaka yalikuwa yanapanda shingoni. Kidoti akakohoa, akakohoa tena, na sauti ikawa ya kukwaruza.

"Maziwa! Mpe maziwa yaue sumu!" Bibi alipiga kelele.

Mama Kidoti aligonga ukuta kwa ngumi. Upande wa pili aliishi muuguzi wa zahanati, jirani waliyezoea kumwita Nesi. Alikuja mbio, pekupeku.

"Bibi, weka maziwa chini. Asinywe chochote, atapaliwa," Nesi alisema. "Anapumua kwa shida. Mkalishe, mwegemeze kifuani kwako. Asitembee."

"Nina vidonge vyake vya kuwashwa..."

"Vidonge havitoshi, dada. Hapa inatakiwa sindano. Hospitali, sasa hivi! Naita gari."

Hospitalini walimchoma Kidoti sindano ya adrenalini pajani. Pumzi ikaanza kurudi, kidogo kidogo. Daktari hakuwaruhusu kuondoka, kwa sababu hali kama ile huweza kutulia kisha ikarudi tena. Mama Kidoti alikaa kwenye benchi na sare yake ya kazi. Aliogopa. Aliogopa hata kupepesa macho.

Siku iliyofuata walirudi nyumbani. Kidoti alilala kitandani, na Mama Kidoti akaingia jikoni. Uchovu na hofu vikageuka hasira.

"Mama, ulitia nini kwenye sosi ile?"

"Mimi? Nimetia nini? Nilimimina kama ilivyokuja."

"Pakiti yake iko wapi?"

"Gari la taka limeshapita."

"Kila siku unatupa! Kila siku! Sasa nitajuaje mwanangu alikula nini?"

Bibi alifungua kitenge kiunoni, akakifunga upya.

"Kama nimekuwa wa kuua wajukuu, nirudishe kwangu," alisema.

Mama Kidoti alijua Bibi akiondoka, kazi nayo kwaheri. Lakini angewezaje kumwacha mtoto na chakula asichokijua? Alijiona amebanwa kotekote, na nguvu za kufikiri hana.

Wakati huo Nesi alikuwa anaingia kumwona mgonjwa. Aliwakuta kila mmoja anatazama upande wake.

"Shikamoo Bibi. Mmenuniana?"

"Marahaba. Muulize mwenzako."

Nesi alikaa bila kungoja kukaribishwa. Naye macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Hebu niambieni. Boksi lilikuja na ujumbe wowote?"

"Ujumbe gani?" Mama Kidoti alisema. "Kazini simu zetu zinafungiwa kabatini. Nikirudi, nani ana macho ya kusoma?"

"Soma sasa."

Mama Kidoti alitoa simu. Ujumbe wa kampuni ulikuwepo, tangu asubuhi ya jana. Alisoma kwa sauti: "Sosi ya nyanya imekwisha. Tumekuwekea sosi nyingine. Tafadhali soma pakiti kabla ya kupika."

Mama Kidoti alijisikia vibaya, akatamani kulirudisha kila neno alilomwambia Bibi.

"Kwani mimi sikuwaambia mtoto ana mzio?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uliwaambia, na walitakiwa kuangalia," Nesi alisema. "Wapigie, waelezwe kilichotokea, wasije wakamfanyia mwingine. Lakini kutaja mzio kwenye simu ni hatua ya kwanza tu. Vitu huisha, wakaweka vingine. Kiwanda nacho hubadilisha namna ya kutengeneza sosi ile ile. Kwa hiyo pakiti inasomwa kila mara, hata kama chakula umekizoea."

"Na mimi naitupa," Bibi alisema.

"Hukujua, Bibi. Sasa pakiti zikae mpaka chakula kiliwe na mtoto aonekane yuko salama. Na usimimine kwenye vikopo. Kijiko kilichogusa karanga kikiingia kopo jingine, kopo lote limeharibika kwa Kidoti."

"Hata kidogo hivyo?"

"Hata kidogo hivyo. Tena kama wenyewe mnazila, karanga zitoke humu ndani. Mwingine ataniambia, 'Mimi nitazitoa tu karanga kwenye chakula.' Haisaidii. Mafuta na vumbi lake vimeshabaki."

Mama Kidoti alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Hakuwa na maneno mazuri. "Nisamehe, Mama. Nimekuonea. Hata mimi niliiona sosi ni tofauti nikapika hivyo hivyo."

"Inuka, utaumia magoti ukawa kama mimi," Bibi alisema, na machozi yakamtoka. "Nani atakaa na mtoto? Siendi popote."

Kutoka siku hiyo mambo yalibadilika. Hospitali iliwapa sindano maalumu ya kukaa nayo nyumbani, na Nesi akawafundisha wote wawili namna ya kuitumia. "Mnachoma pajani kwanza, halafu ndiyo mnaita gari," aliwaambia. "Na hata akipata nafuu, hospitali mnakwenda." Mwalimu wa Kidoti naye akaambiwa. Kampuni ilipopigiwa, ilikiri kwamba sosi ile ilikuwa na karanga, ikaomba radhi na kukubali isimbadilishie kitu bila kumpigia kwanza. Mama Kidoti aliitikia, ila hakutegemea ahadi hiyo peke yake.

Boksi jingine lilipokuja, Mama Kidoti alirudi jioni akiwa hoi kama kawaida. Jikoni palikuwa pakavu. Jiko halijawashwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na boksi lililofungwa.

"Sijaligusa," alisema. "Soma."

Mama Kidoti alitamani kulala palepale sakafuni. Akaketi, akafungua, akaanza kusoma. Pakiti ya kuku, sawa. Sosi, sawa. Akachukua pakiti ndogo ya viungo, akaisogeza karibu na taa. Chini kabisa paliandikwa: "Imefungashwa mahali panapofungashwa pia karanga."

"Vipi?" Bibi aliuliza.

"Hii haifai, Mama."

"Basi itoke. Mpelekee Nesi, yeye anakula chochote."

Wangeweza kupika kuku bila viungo vile, lakini Mama Kidoti hakuwa tena na nguvu ya kubuni. Walichemsha viazi na mayai. Hakikuwa chakula cha kusifiwa. Bibi aligawa kwenye sahani, akamsogezea mjukuu wake.

Kidoti alishika kijiko. Hakula. Alimtazama Bibi, akamtazama mama yake.

"Mmesoma?" aliuliza.

Mama Kidoti alitaka kucheka, akashindwa. Mtoto wake alikuwa anaogopa chakula cha nyumbani kwao.

"Viazi na mayai tu, mama," Bibi alimjibu taratibu. "Chumvi tumeisoma. Sufuria tumeiosha. Mimi na mama yako, wote tumeangalia."

Kidoti alifikiri kidogo.

Kisha akala.